Sura ya 6: Kidonda Kisichouma

Karagwe na Kyerwa ni nchi ya migomba na kahawa. Mtu huamkia shambani pekupeku au na kandambili, panga mkononi, na kujikwaa kwenye kisiki ni jambo la kila siku. Mwenye neva nzima akichomwa na kijiti hushtuka, hukitoa, na kesho yake anachechemea. Aliyeishi na kisukari kwa miaka mingi anaweza kurudi nyumbani na kijiti kile kile ndani ya unyayo, akala, akalala, na asubuhi akakanyagia mguu huo huo bila kujua kitu. Wiki mbili baadaye ni mjukuu anayesema kuna harufu. Anapofikishwa Hospitali ya Nyakahanga au ya Isingiro mguu umevimba hadi kifundoni, usaha unatoka, na kidole kimoja kimeshakuwa cheusi. Tabibu akimuuliza maumivu yakoje, jibu ni moja: "Hauniumi, mwanangu."

Ndugu wa mgonjwa hufarijika kwa jibu hilo. Mimi naomba limtie wasiwasi kila anayelisikia, na zaidi ya wote yule atakayempa mgonjwa huyo dawa ya usingizi au ganzi. Sukari iliyoua hisia za mguu huenda imeshaharibu pia mishipa ya fahamu inayoongoza moyo, mishipa ya damu, tumbo na hata pumzi. Mguu unaonekana. Hayo mengine hayaonekani mpaka mwili utikiswe, na hakuna kinachoutikisa mwili kama upasuaji. Sura hii ina jambo moja la kudai: uharibifu huo unaweza kugunduliwa mapema, katika hospitali yoyote ya wilaya, kwa mashine ya presha, kidole cha muuguzi na maswali machache. Mgonjwa asifike kwenye meza ya upasuaji kabla hajapimwa hivyo.

Ugonjwa ulivyotufikia vijijini

Mwaka 1989 jarida la The Lancet lilichapisha utafiti ulioongozwa na Dakta Donald McLarty, aliyefundisha na kutibu Muhimbili kwa miaka mingi. Yeye na wenzake walipima watu wazima katika vijiji 6 vya Tanzania, na waliokutwa na kisukari hawakufika hata mmoja kati ya 100. Mwaka 2012 uchunguzi wa kitaifa wa magonjwa yasiyoambukiza ulikuta karibu watu 9 kati ya 100 wenye umri wa miaka 25 hadi 64 wana sukari ya juu. Tafiti hizo mbili hazikupima watu wa aina moja wala kwa njia moja, hivyo tusizilinganishe tarakimu kwa tarakimu. Hata hivyo mwelekeo uko wazi. Ugonjwa tuliouita wa matajiri wa mjini umefika Nkwenda na Murongo, na wengi hugundulika umeshawakaa mwilini kwa miaka.

Miaka hiyo ya kutojua ndiyo inayoharibu neva. Sukari ikibaki juu, vimishipa vidogo vya damu vinavyozilisha neva huziba, na neva zenyewe huchakaa, zikianza na zile ndefu kuliko zote, zinazofika kwenye vidole vya miguu. Dakta Zulfiqarali Abbas wa Dar es Salaam, ambaye kazi yake juu ya miguu ya wenye kisukari inafahamika duniani, ameonyesha mara kwa mara kwamba kufa kwa hisia ndiko chanzo kikuu cha vidonda wanavyokuja navyo wagonjwa wake. Mwaka 2005 yeye na wenzake walieleza jambo linaloumiza kulisoma: wagonjwa walioumwa na panya miguuni usiku wakiwa wamelala, wasiamke. Waliona majeraha kulipokucha. Kwetu Kagera, kwenye baridi ya vilimani, kisa kinachofanana na hicho ni cha mzee anayeota moto jioni na kuunguza kisigino bila kuhisi.

Vidonda vya namna hii ndivyo vinavyompeleka mwenye kisukari kwenye chumba cha upasuaji. Kwa hiyo mgonjwa anayekuja kukatwa kidole au kusafishwa kidonda kwa kina, mara nyingi ndiye huyo huyo mwenye neva zilizoharibika. Hospitali za wilaya hukutana naye mara kwa mara.

Neva tunazozijua na neva tusizozijua

Neva za kwanza ni zile za hisia na misuli. Zikiumwa, mtu husikia ganzi, kuwaka moto, sindano sindano, au hasikii chochote. Hizi mgonjwa anaweza kuzisimulia.

Za pili hufanya kazi bila sisi kuamuru. Mtu akisimama ghafla, ndizo zinazobana mishipa ya damu ya miguu ili damu isituame chini. Ndizo zinazouharakisha moyo anapopanda mlima, zinazosukuma chakula kutoka tumboni kwenda kwenye utumbo, zinazotoa jasho, na zinazomfanya atetemeke na moyo umwende mbio sukari inaposhuka. Zikiharibika, mgonjwa hulalamika mambo yasiyofanana na kisukari: kizunguzungu asubuhi, shibe ya haraka, kutapika chakula cha jana, jasho jingi usoni wakati wa kula huku miguu ikiwa mikavu, kushindwa kumaliza mkojo, na kwa wanaume, nguvu za kiume kupotea. Wengi hawasemi. Hilo la mwisho hasa mzee hatalisema mbele ya mwanawe aliyemleta, na ni juu ya muuguzi kumtafutia faragha amuulize kwa heshima.

Kinachotokea mezani

Mwaka 1978 madaktari wawili wa London, Page na Watkins, waliandika habari za vijana 8 wenye kisukari ambao moyo na pumzi zao zilisimama ghafla, jumla mara 12. Wote walikuwa na uharibifu mkubwa wa neva hizi za ndani. Kilichojirudia ni kwamba katika matukio mengi kulikuwa na kitu kilichoingilia upumuaji: dawa ya usingizi, dawa nyingine za kutuliza, au homa ya mapafu. Mwili wenye neva nzima hewa ikipungua hushtuka na kupumua kwa nguvu. Miili ile haikushtuka.

Hatari ya kawaida zaidi ni presha kuanguka. Katika hospitali zetu za wilaya upasuaji wa mguu mara nyingi hufanywa kwa ganzi ya mgongo. Dawa ikishaingia, mishipa ya damu ya miguu hulegea na damu nyingi hukaa chini. Kwa kawaida moyo huongeza kasi na mishipa ya sehemu ya juu ya mwili hujibana, presha ikashuka kiasi tu. Aliyeharibika neva hana msaada huo. Presha inaweza kuporomoka ndani ya dakika chache, na moyo wake ukaendelea kupiga kwa mwendo ule ule kana kwamba hakuna kilichotokea.

Nusukaputi nayo haimwepushi. Mwaka 1989 Burgos na wenzake huko Marekani walifuatilia wagonjwa waliolazwa usingizi kwa upasuaji wa macho. Kati ya wenye kisukari, 35 katika kila 100 walihitaji dawa ya kupandisha presha. Kati ya wasio na kisukari walikuwa 5 tu. Ketamini, dawa tunayoitegemea sana vijijini kwa sababu huinua presha, huinua kwa kupitia neva zile zile. Zikiwa zimechoka, msaada unaotarajiwa unaweza usije.

Kuna tumbo pia. Mgonjwa huambiwa asile chakula kwa saa 6 kabla ya usingizi. Kwa mwenye tumbo lililolegea, ndizi na maharage ya jana jioni yanaweza kuwa bado yamo asubuhi, yakapanda kooni na kuingia mapafuni akiwa hana fahamu. Na kuna moyo wenyewe: mshtuko wa moyo kwa mtu huyu unaweza kupita bila maumivu ya kifua, ukaonekana kama uchovu au kukosa pumzi tu.

Dakika kumi zinazotosha

Tuchukue mfano wa mama wa miaka 61 kutoka Nkwenda, mwenye kisukari kwa miaka 14, anayesubiri kukatwa kidole gumba. Muuguzi amemlaza chali kwa dakika 5. Anapima: presha 138 kwa 84, mapigo 96 kwa dakika. Kisha anamwambia, "Haya mama, amka polepole usimame, nimekushika." Baada ya dakika 1 anapima, na baada ya dakika 3 anapima tena: presha 108 kwa 70, mapigo 98. Mama anasema macho yanaingia giza kidogo.

Tarakimu hizo zina maana kubwa. Presha ya juu ikishuka kwa 20 au zaidi, au ya chini kwa 10 au zaidi, ndani ya dakika 3 za kusimama, hiyo si hali ya kawaida. Ya mama imeshuka kwa 30. Lakini tazama mapigo. Angekuwa amepungukiwa maji au ana maambukizi makali ndani ya damu, moyo wake ungeenda mbio aliposimama. Umeongeza mapigo 2 tu. Presha iliyoanguka pamoja na moyo usioitikia inaelekeza kwenye neva, ingawa ni lazima kwanza kuuliza kama anatumia dawa za kupunguza kasi ya moyo. Mapigo yanayozidi 100 mtu akiwa amepumzika, bila homa wala upungufu wa damu, nayo ni dalili ya kutiliwa maanani.

Baada ya hapo muuguzi anamwomba afumbe macho. Kwa ncha ya kidole cha shahada anagusa kidogo tu, sekunde moja au mbili, kidole gumba cha mguu, kidole cha kati na kidole cha mwisho, kisha mguu wa pili vivyo hivyo. Mama aseme "ndiyo" kila anapoguswa. Akikosa kuhisi sehemu 2 au zaidi kati ya hizo 6, hisia zimepungua. Kipimo hiki kilitoka Ipswich, Uingereza, na kuchapishwa mwaka 2011. Hakihitaji kifaa chochote, na kinaweza kufanyika kwenye zahanati isiyo na umeme.

Mwisho anamwomba akutanishe viganja kama anayesali. Vidole vikishindwa kugusana kwa urefu wake wote, viungo vimekakamaa, na huenda shingo na taya navyo. Mtoa usingizi ajue mapema kwamba kupitisha mpira wa hewa kooni kunaweza kuwa kugumu.

Yote haya yaandikwe kwenye faili, ikiwemo ganzi iliyokuwepo miguuni kabla ya sindano. Bila maandishi hayo, mgonjwa atakayelalamika mwezi ujao kwamba "tangu wanichome mgongo miguu imekufa" hatakuwa na jibu, wala hospitali.

Ganzi ipi, usingizi upi

Mama wa mfano wetu anakatwa kidole. Hahitaji nusukaputi, na ganzi ya mgongo si lazima. Ganzi inayowekwa kuzunguka kifundo cha mguu inatosha: presha haitikiswi, anabaki macho, na anaweza kusema akijisikia vibaya. Neva zilizoharibika hukolezwa na ganzi haraka na hukaa nayo muda mrefu zaidi, kwa hiyo dawa iwe nyepesi, na isichanganywe na adrenalini, ambayo hubana mishipa ya damu kwenye mguu ambao tayari hauna damu ya kutosha. Kidonda cha juu juu kwenye mguu usio na hisia kabisa wakati mwingine husafishwa bila ganzi yoyote, mgonjwa akiongea na muuguzi wake.

Ikibidi ganzi ya mgongo, kipimo kiwe kidogo kinachotosha kazi. Njia ya mshipa iwe imeshawekwa, presha ipimwe kila dakika moja au mbili mwanzoni, na dawa ya kuipandisha iwe imevutwa kwenye bomba kabla ya sindano ya kwanza. Atropini inaweza isiharakishe moyo uliokatiwa neva. Adrenalini kwa vipimo vidogo vidogo hufika yenyewe bila kutegemea neva. Aanze na kidogo, kwa sababu mishipa iliyozoea kukosa amri inaweza kuitikia kwa nguvu kuliko kawaida.

Ikibidi nusukaputi, mgonjwa ahesabiwe kuwa tumbo lake limejaa hata kama amefunga usiku kucha. Kichwa kiinuliwe, metoklopramidi itolewe mapema kama hakuna kizuizi, na mpira uingizwe haraka huku msaidizi akibonyeza koo. Wenye dalili nzito ambao upasuaji wao unaweza kusubiri wapelekwe Bukoba au Bugando, Mwanza. Mguu uliooza wenye sumu inayopanda hausubiri gari la rufaa. Huo ukatwe hapo hapo, kwa tahadhari zote tulizozitaja.

Usiku wa kuamkia upasuaji

Vifo vingine huandaliwa nyumbani. Mgonjwa ameambiwa asile, lakini hakuna aliyemwambia kuhusu vidonge. Anameza glibenklamidi alfajiri kama kawaida, anapanda bodaboda hadi Kayanga, anakaa kwenye benchi mpaka saa saba mchana akisubiri zamu. Kidonge kile hushusha sukari kwa muda unaoweza kufika saa 24. Mwenye neva nzima angetetemeka na kutoka jasho, watu wakamkimbilia. Huyu anasinzia tu, na jirani yake anadhani amechoka na safari. Ikiwa jana yake alikunywa rubisi, hali ni mbaya zaidi, maana pombe huzuia ini kutoa sukari ya akiba.

Kwa hiyo mwenye kisukari awe wa kwanza kwenye orodha ya siku hiyo. Vidonge vya asubuhi visimezwe bila maelekezo ya hospitali. Anayeishi kwa insulini asiiache kabisa, apewe kipimo kipya kwa maandishi. Dawa za miti shamba zitajwe pia, bila kuona haya na bila kukemewa, kwani nazo zinaweza kugusa sukari. Sukari ipimwe anapofika, kabla ya dawa, na kila saa moja akiwa mezani. Lengo ni kati ya milimoli 6 na 10 kwa lita, na ikishuka chini ya 4 apewe glukosi mara moja. Aliyelala nusukaputi hawezi kulalamika. Anayemsemea ni tone la damu la kidoleni.

Akishatoka mezani

Ndugu wengi hudhani hatari imekwisha kitanda kinaposukumwa kuelekea wodini. Kwa mgonjwa huyu usiku wa kwanza ndio wa kukesha. Dawa kali za maumivu kama mofini huzidi kuituliza pumzi ambayo neva zake hazishtuki, kwa hiyo kifaa cha kupima oksijeni kikae kidoleni saa 24 kama kipo, na kitanda kiwe karibu na meza ya muuguzi. Visigino viinuliwe kwa mto usiku kucha, kwani kisigino kisichohisi hupata kidonda kipya kwa kulalia godoro tu. Asisimamishwe ghafla kwenda msalani.

Na ndugu zangu wa Karagwe, nawaomba jambo moja. Asubuhi za huko ni za baridi, na upendo wenu huja na chupa ya maji ya moto. Msiiweke miguuni mwa mgonjwa huyu. Hatasema inamuunguza. Mfunikeni blanketi, mvisheni soksi.

Maswali yanayosemwa kwa sauti

Kati ya 2007 na 2008 Shirika la Afya Duniani lilijaribu orodha fupi ya usalama wa upasuaji katika hospitali 8 za miji 8 duniani. Pamoja na London, Toronto na Seattle ilikuwemo Ifakara, hapa hapa Tanzania. Kabla ya sindano, kabla ya kisu, na kabla ya mgonjwa kutoka, timu nzima husimama na kuulizana kwa sauti mambo ambayo kila mmoja anadhani mwenzake anayajua. Matokeo yalichapishwa mwaka 2009: kwa jumla ya hospitali hizo vifo vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8, na madhara makubwa kutoka 11 hadi 7. Hakuna mashine mpya iliyohitajika kwa ajili ya mafanikio hayo.

Katika wilaya nyingi wanaotoa dawa ya usingizi ni wauguzi na matabibu waliosomea kazi hiyo, wanaobeba peke yao mzigo ambao kwingine hubebwa na madaktari bingwa. Wengi wanaujua ukweli wa sura hii kuliko mimi. Wanachokosa ni muda na taarifa: mgonjwa hufika kwao akiwa ameshavuliwa nguo, faili ina mistari miwili, na daktari wa upasuaji ameshanawa mikono. Ndiyo maana napendekeza maswali mawili yaongezwe kwenye kila orodha ya mwenye kisukari: presha yake akisimama ni ngapi, na anahisi vidole vya miguu? Kama hakuna anayejua majibu, na upasuaji si wa dharura, kisu kisubiri dakika kumi.

Na kazi hiyo ianzie mbali zaidi ya chumba cha upasuaji. Mgonjwa anayehudhuria kliniki ya kisukari avue viatu na apimwe presha amelala na amesimama angalau mara moja kila mwaka, matokeo yaandikwe kwenye daftari analotunza mwenyewe, na daftari hilo lije naye siku ya upasuaji. Kama muuguzi hajauliza, mgonjwa aseme. Kama mgonjwa amezidiwa, mtoto wake aseme: ana ganzi miguuni, hupata kizunguzungu akisimama, chakula humkaa tumboni, alimeza kidonge hiki saa fulani. Sentensi nne tu. Zikisemwa kabla ya sindano, mtoa usingizi wa Isingiro au Nyakahanga ana nafasi ya kweli ya kumrudisha mgonjwa huyo nyumbani akiwa hai.